Bomba la Maji Huwa Bunduki Saa Ngapi?

 

Juma lililopita nilikuwa Mkwaja. Kwa wale ambao mwambao wetu huu kwao unaishia Pangani mjini, Mkwaja iko mbele zaidi. Unavuka mto, unashika njia ya kusini bahari ikiwa mkono wako wa kushoto, mpaka unafika katika kata ambayo upande mmoja ina samaki na upande wa pili ina Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Sehemu ya hifadhi hiyo, kama wakubwa mnavyokumbuka, ilikuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, mali ya kampuni ya Amboni, iliyofungwa mwaka 2000. Ng'ombe walipoondoka wanyama wa porini walirudi kwao, na mwaka 2005 Saadani ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa. Mpaka ukachorwa. Binadamu waliuelewa. Nguruwe pori hawakuuelewa.

Nilikwenda kwa habari ya samaki, nikarudi na habari ya bunduki.

Ilikuwa jioni, nimekaribishwa kahawa kwenye kibaraza cha mzee mmoja. Mzee ana shamba la mihogo na mahindi kidogo, na usiku uliotangulia nguruwe walikuwa wameingia wakalima kwa pua zao robo ekari nzima. Alinipeleka kuona. Mihogo imeng'olewa, imetafunwa nusu, mingine imeachwa tu juu ya udongo kama mtu aliyenunua sokoni akabadili mawazo. Na ujue, msikilizaji, kule watu ni Waislamu. Nguruwe ukimwua humli. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kila mwenye bunduki kijijini ni jangili anayetafuta kitoweo.

Tuliporudi kibarazani nikamwuliza, "Sasa mzee, zamani mlikuwa mkifanyaje?"

Akacheka. Akanionyesha ukutani palipokuwa na misumari miwili mikubwa. "Zamani hapo palikuwa na gobore la marehemu baba. Nikalisalimisha serikalini wakati wa msamaha." Akanywa kahawa, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nizungumze nanyi leo. "Mwanangu, wewe ni mtu wa redio, unasoma mengi. Hebu niambie. Gobore hutengenezwa kwa bomba la chuma na kipande cha mti. Bomba lipo dukani, mti upo shambani. Mimi nikiwa na bomba, nina bomba. Nikiwa na mti, nina mti. Hicho kitu huwa bunduki saa ngapi?"

Nilikosa jibu. Nilisema, "Mzee wangu, hilo ni la wanasheria." Naye akasema, kwa upole wa watu wa pwani unaokata kama wembe, "Ndiyo. Na anayefungwa ni mkulima."

Niliporudi mjini nikaanza kusoma, na nikagundua kwamba swali la mzee wa Mkwaja ndilo swali lililokuwa mbele ya majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani kuanzia Oktoba 2024 hadi Machi 2025. Tofauti ni kwamba wale walilipwa mishahara kulijibu, na wakaandika kurasa nyingi.

Mambo yalikuwa hivi. Marekani wana sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968. Sheria hiyo inasema mfanyabiashara wa bunduki lazima awe na leseni, kila bunduki iwe na namba yake iliyochongwa, mnunuzi achunguzwe kwanza kama si mhalifu, na kumbukumbu ziwekwe. Halafu sheria ikaeleza bunduki ni nini. Ikasema ni silaha yoyote inayorusha risasi kwa nguvu ya baruti, au iliyokusudiwa kurusha, au inayoweza kugeuzwa kwa urahisi ikarusha. Tena ikasema kwamba fremu ya silaha hiyo, yaani ule mwili unaobeba mtambo wa kufyatulia, nayo yenyewe ihesabiwe kuwa bunduki hata ikiwa peke yake.

Wafanyabiashara wakaisoma sheria hiyo kama fundi anavyosoma bati lenye tundu. Wakasema, tukiuza bunduki kamili tunabanwa. Tukiuza fremu kamili tunabanwa. Basi tuuze fremu ambayo haijakamilika. Wakatoa fremu ya plastiki iliyoachwa na vijipande vichache vya kukatwa na matundu machache ya kutobolewa, wakaiweka katika sanduku moja pamoja na vipande vingine vyote, na wakati mwingine hata na keekee ya kutobolea. Sanduku likaagizwa kwa posta kama viatu. Leseni hakuna, namba hakuna, jina la mnunuzi halichunguzwi. Moja ya masanduku hayo, la kampuni iitwayo Polymer80, lilipewa jina ambalo kwa lugha yetu ni "Nunua, Unda, Piga". Yaani hata aibu hawakuona.

Mahakama ilielezwa kwamba mtu ambaye hajawahi kuliona sanduku hilo, akifuata maelezo yanayopatikana kwa kila mtu na kutumia zana za kawaida za nyumbani, aliunda bastola kwa dakika 21. Mimi kitanda cha mbao nilichonunua kwa fundi kikiwa vipande kilinichukua siku nzima, tena na shemeji yangu akinisaidia.

Bunduki za namna hiyo Wamarekani wanaziita bunduki za mzimu, kwa sababu polisi wakiiokota mahali palipofanyika uhalifu hawana pa kuanzia. Haina namba, haina duka, haina baba wala mama. Mwaka 2017 polisi wa nchi hiyo waliripoti kukamata zipatazo 1,600. Mwaka 2021 zilizidi 19,000. Ndipo mwaka 2022 idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, iitwayo kwa kifupi ATF, ikatoa kanuni kwamba masanduku ya namna hii, na fremu zilizobakiza kazi ndogo, zihesabiwe kuwa bunduki.

Wauzaji na baadhi ya wananchi wakaenda mahakamani huko Texas. Na hapa ningependa usikilize vizuri, maana wengi wetu tukisikia Wamarekani wanagombania bunduki tunadhani ni ile haki yao ya kikatiba ya kumiliki silaha. La hasha. Kesi hii haikuwa ya katiba. Ilikuwa kesi ya kamusi. Walalamikaji walisema Bunge lilitunga sheria ya bunduki, si ya vipande vya bunduki, na ATF haina mamlaka ya kuongeza neno ambalo Bunge halikulisema. Juni 2023 jaji wa Texas akawakubalia na kuifuta kanuni. Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya eneo hilo nayo ikawa upande wao. Serikali ikakata rufaa juu zaidi.

Walikuwa na hoja, tusiwadharau. Sheria ya Marekani iliyotangulia, ya mwaka 1938, ilitaja wazi kwamba sehemu yoyote ya bunduki nayo ni bunduki. Maana yake ni kwamba hata skrubu ilikuwa silaha. Ilishindikana kusimamiwa. Mwaka 1968 Bunge likafuta maneno hayo na kubakiza fremu peke yake. Sasa walalamikaji wakauliza, kama Bunge lenyewe liliondoa vipande, idara ya serikali inavirudisha kwa idhini ya nani? Jaji Clarence Thomas, aliyebaki upande wao hadi mwisho pamoja na Jaji Samuel Alito, alishikilia hoja ya namna hiyo. Mimi siipendi biashara ya yale masanduku, lakini hoja ya kwamba mtumishi wa serikali asijitungie sheria ni hoja ambayo sisi wa Afrika Mashariki hatupaswi kuicheka.

Siku ya kusikilizwa, tarehe 8 Oktoba 2024, mahakama iligeuka jiko. Jaji Alito aliuliza, nikiweka mezani mayai, nyama iliyokatwakatwa, pilipili hoho na kitunguu, je, hicho ni kiwanda cha mayai ya kukaanga? Wakili wa serikali akajibu hapana, kwa sababu vitu hivyo vina matumizi mengine mengi. Ndipo Jaji Amy Coney Barrett akauliza, je, kama vimepangwa pamoja na kuuzwa katika pakiti moja na maelezo ya kupika? Wakili akasema hapo mambo yamebadilika.

Majaji hawa wangekaa Tanga wangetumia pilau. Mchele peke yake si pilau. Bizari nzima haina kosa. Kitunguu hakina kosa. Lakini mtu akikuuzia mfuko mmoja wenye mchele uliopimwa, bizari iliyopimwa, viazi vilivyomenywa, na karatasi imeandikwa "Pilau ya watu sita", huwezi kumwambia mkaguzi wa afya kwamba wewe huuzi chakula, unauza nafaka.

Hukumu ilitoka tarehe 26 Machi 2025, katika kesi ambayo vitabuni inaitwa Bondi dhidi ya VanDerStok. Majaji saba kwa wawili walisema kanuni ya ATF isimame. Jaji Neil Gorsuch, ambaye kwa kawaida si rafiki wa kanuni za serikali, ndiye aliyeandika. Alitoa mfano kwamba mwandishi anaweza kumpa rafiki yake riwaya asome ingawa sura za mwisho hazijakamilika, na bado wote wawili wanaiita riwaya. Mtu hununua meza ya IKEA ikiwa vipande ndani ya boksi, na akiulizwa amenunua nini husema amenunua meza. Jina la kitu kilichoundwa na binadamu linabeba kusudi lake, hata kabla hakijakamilika.

Lakini majaji wale hawakusema kila kipande ni bunduki. Walisema tu kwamba kanuni haiwezi kutupwa yote kwa jumla, maana angalau baadhi ya masanduku na baadhi ya fremu zinaingia bila ubishi. Yaliyo katikati, yale yanayohitaji kazi ya siku nyingi, fundi stadi na mashine, waliyaacha yaje na kesi zake. Mstari wenyewe hawakuuchora. Walisema upo.

Sasa turudi nyumbani.

Hayo maneno "inayoweza kugeuzwa kwa urahisi" unadhani ni ya Wamarekani peke yao? Nilipofungua Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, ambayo Tanzania iliitia saini pamoja na majirani zetu wa Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, niliyakuta maneno karibu yaleyale. Silaha ni ile yenye mtutu inayorusha, iliyokusudiwa kurusha, au inayoweza kugeuzwa kwa urahisi ikarusha risasi kwa nguvu ya kilipuzi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 nayo inakwenda mbali zaidi na kutaja sehemu muhimu kwa majina, mtutu ukiwamo, fremu ikiwamo. Sheria yetu ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, ilizaliwa katika mkondo huo.

Kwa hiyo mzee wa Mkwaja na yule muuzaji wa masanduku wa Marekani wanasimama mbele ya maneno ya aina moja. Ila wanasimama na mizigo tofauti, na hapa ndipo penye kichekesho kisichochekesha.

Gobore, kama unavyojua, hushindiliwa kwa mbele. Unamimina baruti mtutuni, unashindilia, unatia goroli au marisau, unashindilia tena. Sheria ile ya Marekani ya 1968 inasema bunduki ya kushindilia kwa mbele, ya baruti nyeusi, isiyoweza kutumia risasi za kisasa, kwa kawaida haihesabiwi kuwa bunduki. Ni kitu cha kale. Mmarekani anaweza kuiagiza bila masharti ya sheria hiyo, akaenda nayo mwituni kuwinda paa, ilimradi sheria za jimbo lake zinamruhusu. Huku kwetu silaha hiyohiyo ikikutwa chini ya uvungu bila leseni, mwenye uvungu anaweza kushitakiwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa, Sura ya 200, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2016 inatoa kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30.

Miaka 20, msikilizaji. Mtoto aliyezaliwa siku ya hukumu atakuwa amemaliza kidato cha sita.

Itifaki zinaruhusu silaha za kale kuachwa nje, lakini zinasema kitu kilichotengenezwa baada ya mwaka 1899 kisiitwe cha kale. Sasa gobore la baba wa yule mzee lilitengenezwa lini? Hakuna ajuaye. Labda lilishuka jahazini Pangani enzi za Sultani. Katika miaka ya 1880 bunduki zilipita Unguja kwa makumi ya maelfu kila mwaka kuingia bara, na njia ya Pangani ndiyo iliyozipeleka Mazinde kwa Semboja na mbele hadi Kilimanjaro. Labda babu mmoja alikuwa nalo wakati wa vita vya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani hapo hapo Pangani Desemba 1889. Au labda fundi wa kijiji alilitengeneza mwaka 1960 kwa kuiga lile la zamani. Ukilitazama huwezi kutofautisha.

Na kama unajiuliza kwa nini mwambao huu ulibaki na magobore wakati dunia ilishahamia kwenye risasi za shaba, jibu nalo ni la kisheria. Julai 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, na Zanzibar ikiwa miongoni mwa waliotia saini, wakakubaliana kwamba bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika katika ukanda mkubwa wa bara hili. Waliruhusu nini? Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Gobore ndilo lililoachiwa mtu mweusi kwa sababu halikumtisha mkoloni. Leo linamtisha nani? Swali hilo nitalijibu, nisije nikaonekana nawatetea majambazi.

Gobore linaua. Askari wa wanyamapori wameuawa kwa magobore katika nchi hii. Wake wameuawa, majirani wamegombania mipaka wakauana. Tembo nao. Tena gobore ni bunduki ya mzimu hasa, kuliko hata ile ya plastiki ya Marekani, maana halikuwahi kuwa na namba tangu mwanzo. Mtu akiuawa njiani kwa goroli, mpelelezi ana goroli tu, na goroli zimejaa kwenye fani za baiskeli nchi nzima. Kwa hiyo ninaposikia Jeshi la Polisi limekamata karakana ya kutengenezea magobore, lenye mitutu mitano, vitako saba na tupa, sisemi waachiwe kwa kuwa hakuna hata moja lililokamilika. Mitutu mitano na vitako saba ndiyo pilau ya watu sita. Kusudi linaonekana kwa macho.

Shida yangu iko kwa mwenye kipande kimoja.

Nilipokuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni na stashahada yangu, nilipangiwa kuripoti mahakama moja ya wilaya ambayo sitaitaja. Siku hiyo aliletwa fundi baiskeli. Vielelezo vilikuwa bomba la chuma la urefu kama wa mkono, springi, na kipande cha mbao kilichochongwa kikafanana na kitako ukitaka kifanane, na kikafanana na mpini wa jembe la kukokotwa ukitaka hivyo. Mwendesha mashitaka akasema ni bunduki ambayo haijamalizika. Fundi akasema bomba ni la pampu. Hakimu akalishika lile bomba akachungulia ndani, akatutazama sisi tuliokuwa kwenye mabenchi kupitia tundu lake, na watu wakacheka. Fundi hakucheka. Kesi ikaahirishwa. Mhariri wangu akanituma kwingine, na mpaka leo sijui iliishaje. Jina lake sikumbuki. Lile jicho la hakimu kwenye tundu nalikumbuka.

Kwetu sisi ubishi huu haupigi hodi mlango wa mbele kama Texas. Hakuna kampuni inayoajiri mawakili kupinga kanuni. Unaingia kwa mlango wa uani, ndani ya kesi za jinai za watu ambao wengi hawana wakili mpaka wafike mahakama za juu. Na huko juu mara nyingi hausikilizwi kabisa, kwa sababu kesi inakufa kwa jambo jingine. Makosa ya silaha yakishaingizwa kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi, hakimu wa wilaya au wa mkoa hawezi kuyasikiliza mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe ridhaa yake na pia hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka. Hati hizo zisipotaja vifungu vinavyopasa, kesi yote ni batili. Mahakama ya Rufani imefuta kesi nyingi kwa sababu hiyo. Mtu amekwisha kaa gerezani miaka kadhaa, ndipo anaambiwa kwamba mahakama iliyomhukumu haikuwa na mamlaka. Kama alikuwa jambazi kweli, ameponea kwenye karatasi. Kama alikuwa fundi wa pampu, miaka yake hairudi. Na swali la mzee, la saa ngapi bomba huwa bunduki, limebaki mezani halijaguswa.

Mimi si mwanasheria. Lakini nikisoma ile hukumu ya Marekani naona majaji walio wengi waliuliza mambo fulani ambayo kwetu ningependa yaulizwe katika kila kesi ya kipande. Kazi iliyobaki ni ya dakika au ya majuma? Inahitaji zana gani, na je, zana hizo alikutwa nazo? Kitu hicho kina matumizi mengine ya kawaida? Kilikutwa pamoja na nini? Mtaalamu wa silaha wa polisi aje aseme, si kwamba "hii ni bunduki ya kienyeji" kisha akae chini, bali aeleze angeifanyaje mpaka irushe goroli, na ingemchukua muda gani. Maswali hayo hayahitaji Bunge. Yanahitaji hakimu mwenye subira na mwendesha mashitaka asiye na haraka ya takwimu.

Kifungo cha chini cha miaka 20 ndicho kinachohitaji Bunge. Kinamfunga hakimu mikono. Mwenye bunduki ya kivita aliyoivusha mpakani na mwenye gobore lenye kutu analolindia mihogo wanaanza hesabu mahali pamoja. Serikali yenyewe inaujua utofauti huo, maana imetangaza misamaha zaidi ya mara moja ikiwaambia wananchi leteni silaha kwa hiari, hamtashitakiwa, na magobore ndiyo yaliyojaa kwenye vile vyumba vya polisi tunavyoonyeshwa pichani. Huwezi kumwambia mtu Oktoba kwamba kosa lake linasameheka akilileta kituoni mwenyewe, kisha Novemba umwambie linalingana na uhujumu wa uchumi wa taifa.

Na huyo aliyesalimisha? Yule mzee alifanya alichoambiwa. Gobore likaenda, nguruwe wakabaki. Ni kweli kuna kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama. Kanuni zilizotungwa mwaka 2011 zilipanga malipo kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na zikaweka kikomo cha ekari tano. Mwenye shamba karibu kabisa na mpaka, ndani ya nusu kilomita, hakuwekewa kitu. Na robo ekari ya mihogo iliyoliwa usiku mmoja haimfikishi mtu popote, labda kituo cha daladala. Afisa wanyamapori yuko mbali, na nguruwe hawafuati saa za kazi. Kabla hujaniuliza, ndiyo, nimemwuliza mzee kwa nini asiombe leseni. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini bahari isihamishwe.

Jioni ile nilipokuwa naaga, giza limeshaingia na watoto wameanza kupiga madebe shambani kufukuza wageni wa usiku, mzee akaniita tena. Akaingia ndani akatoka na kipande cha mti mweusi, kizito, kimelainishwa na mikono ya watu waliokwisha kufa. Kilikuwa kitako cha gobore. Siku ya kusalimisha, akasema, mtutu ulikuwa umeshaachana na mti wake kwa uzee. Alipeleka mtutu na mtambo wake, wakaandika, wakamshukuru. Mti hakuna aliyeuuliza. Sasa anautumia kuegemezea mlango usigongwe na upepo wa kusi.

"Hiki nacho, mwanangu, nikipeleke?"

Nilimwahidi nitauliza. Juzi nikamwuliza wakili mmoja rafiki yangu hapa mjini. Kwanza alicheka sana. Akasema kitako si mtutu wala si fremu, hakimo hata katika zile sehemu zilizotajwa na Umoja wa Mataifa, ni kuni tu. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nyumbani kwa huyo mzee kuna bomba lolote la chuma.

Nikakumbuka kwamba lipo. Ndilo linaloshikilia paa la kibaraza tulipokuwa tumekaa tukinywa kahawa.

"Basi mwambie akipeleke," akasema.